Chasisi ya Land Cruiser pickup imepasuka nyuma ya kebini, nataka kuiongezea nguvu mwenyewe nyumbani. Naombeni ushauri

Mzigo_Natron

Wakuu habari zenu. Niko Mto wa Mbu, nina Land Cruiser pickup ya kebini moja, HZJ79, injini 1HZ. Kazi yake ni kupeleka maji, unga na saruji Engaruka mpaka Engaresero, na msimu wa kiangazi ndo inafanya kazi kwelikweli maana watu wanahitaji maji kuliko kitu kingine. Waliopita njia ile wanaijua, rasta (vituta vidogo vilivyopangana barabarani) kilomita na makilomita, ukienda polepole gari linatetemeka mpaka meno yanagongana, ukikimbia linaelea halafu ghafla unakutana na korongo.

Sasa Jumatatu nilikuwa naosha chini nikaona mstari wa unga wa kahawia kwenye reli ya kulia (ule mhimili mrefu wa chasisi), nyuma kidogo ya kebini, mbele ya hanga (kishikio kinachofunga springi kwenye chasisi) ya springi za nyuma. Nikakwangua na waya nikakuta ni ufa, kama sentimita 7 hivi, na umeanzia kwenye tundu ambalo mtu alitoboa zamani kufungia bodi. Sijalisogeza gari tangu siku hiyo.

Nieleze ukweli wote ili mnisaidie vizuri. Nabeba tenki la lita 1000 likiwa limejaa, na mkiani nilitengenezesha keriya ya chuma inabeba spea ya pili, madumu manne ya lita 20 na vifaa. Mwaka jana gari lilikuwa linakaa chini nyuma nikaongeza majani mawili ya springi kila upande.

Nina mashine ya kuchomelea ya inveta ampea 200, grenda na drili, nimechomelea mageti na madirisha miaka mingi, mkono upo. Wazo langu ninunue pleti ya milimita 6 nivalishe reli zote mbili kutoka kebini mpaka mkiani, nichomelee kuzunguka pote, liwe kama reli ya treni. Jirani yangu fundi anasema nisinunue pleti, nichukue majani ya springi ya Fuso kwenye skrepa maana ni chuma kigumu zaidi na bei ni ya kutupa. Kipi bora? Gari hili ndo linalisha familia na kusomesha, sitaki kubahatisha.

Samburu_Overland

Bro usiguse hayo majani ya springi kabisa. Mimi niko Maralal na hilo kosa nimelilipia. Nilikuwa na Land Cruiser ya kubeba watu na mizigo kwenda Baragoi, ikapasuka karibu hapohapo unaposema, fundi wa jua kali akachukua majani mawili ya springi akayachomelea pande zote za reli, kwa macho ilionekana imara ajabu. Wiki ya tatu nikasikia mlio kama bunduki. Jani lenyewe halikuvunjika, lilipasuka pembeni tu ya mstari wa kuchomelea, na ule ufa ukaingia nao kwenye reli ikafunguka karibu yote, tulilala porini na abiria usiku mzima.

Baadaye mtu anayejua vyuma akanieleza. Chuma cha springi kina kaboni nyingi na kimepikwa kikapozwa kwa namna yake, ukikipiga moto wa kuchomelea halafu kikapoa chenyewe haraka, pale pembeni ya weldi kinageuka kama glasi. Ugumu wake ndo unakuumiza. Kwa hiyo pleti ya kawaida ya dukani, ile laini inayokunjika, ndo unayotaka.

Fundi_Ngarenaro

Mkuu Mzigo_Natron pole, ila umefanya jambo la maana kulipaki. Mimi nimefanya miaka 11 kwenye gereji za kurefusha magari ya watalii hapa Arusha, chasisi za Land Cruiser nimekata na kuunga nyingi, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Kwanza hiyo reli ya treni uitoe kichwani. Chasisi ya gari hili imetengenezwa ijipinde, sio ikakamae. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likaingia shimoni, chasisi inajisokota na kurudi, na huo msokoto unagawanywa urefu wote wa reli. Ukivalisha pleti ya milimita 6 kipande cha mita moja na nusu ukachomelea kuzunguka pote, hicho kipande hakijipindi tena, na kazi yote ya kujipinda inahamia sentimita chache pale pleti inapoishia. Angalia mpini wa jembe, ukivunjika haukatikii katikati, hukatikia shingoni pale unapoingia kwenye chuma. Nimeletewa magari ambayo ufa wa kwanza uliofungwa ni mzima kabisa na ufa mpya uko mwisho wa pleti, mbele na nyuma, umenyooka kama umekatwa na msumeno.

Pili, ufa wako umekwambia ulipoanzia, kwenye tundu alilotoboa mtu. Na wewe usitoboe tundu lolote kwenye kingo za juu wala za chini za reli, hizo kingo ndo zinabeba mvuto mkubwa, matundu yakae ubavuni katikati.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kuchomelea tafuta mwisho halisi wa ufa, maana unaouona kwa macho siku zote ni mfupi kuliko uliopo. Kwangua rangi yote kama shubiri moja kila upande, paka mafuta ya taa, acha robo saa yaingie, futa kavu kabisa kwa kitambaa, halafu saga chaki paka juu. Subiri kidogo, mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Fanya hivyo reli zote mbili, hanga zote, na usiache pale stelingi boksi ilipofungwa, maana na penyewe hupasuka kwa magari ya njia mbovu.

Ukishapata mwisho toboa tundu la milimita 6 hapohapo kwenye ncha ili ufa usiendelee kutembea wakati unachoma. Na lile tundu la zamani ulilolisema litalazimika kuzibwa kwa weldi na kusagwa laini. Fungua ufa kwa grenda uwe kama herufi V mpaka karibu na upande wa pili, choma, saga iwe sawa na reli. Hapo ndo unaweka pleti, sio kabla. Kuna mafundi wanafunika ufa kwa pleti bila kuufunga na ufa unaendelea kutembea chini kwa chini bila wewe kuuona.

Pleti iwe unene uleule wa reli, ukizidi basi milimita moja. Pima reli yako kwa venia (kipimo cha unene), usikisie. Iwe ndefu, angalau shubiri moja na nusu kupita ufa kila upande, na ncha zake uzikate kama kichwa cha mkuki au mkia wa samaki, sio mraba, ili nguvu iingie kwenye pleti kidogokidogo. Mstari wa weldi utembee kwa urefu wa reli, usichore mstari wa kusimama kutoka juu mpaka chini, huo ndo unakata chasisi. Acha sentimita 2 hivi toka ukingo wa juu na wa chini bila kuchoma. Katikati ya pleti toboa matundu ya milimita 20 uyajaze weldi, yanaishika vizuri bila kuongeza mistari. Na pleti ya kulia na ya kushoto zisiishie sehemu moja, pishanisha.

Choma sentimita 3 au 4, hamia mbali, rudi. Ukichoma mfululizo reli itavutika na gari litatembea upande. Na usimwagie maji ili ipoe, nawaona watu wanafanya hivyo, naomba sana usifanye.

Mzee_wa_One_Ten

Fundi naheshimu uzoefu wako ila mimi Land Rover yangu 110 nimeivalisha pleti toka mbele mpaka nyuma, ina miaka 8 inazunguka Kilosa na Mikumi na haijatoa ufa hata mmoja. Kwa hiyo hii habari ya lazima ijipinde naona kama inategemea.

Fundi_Ngarenaro

Mzee shikamoo. Ni kweli inategemea, na tofauti ni hii: chasisi ya 110 ni boksi la bati la milimita 2 hivi, na ugonjwa wake mkubwa ni kutu inayoila kwa ndani, tope linaingia kwenye boksi halitoki. Wewe ukivalisha pleti unarudisha chuma kilicholiwa, na umekwenda nayo mwisho hadi mwisho kwa hiyo hakuna pale pleti inapoishia ghafla. Huyu bwana reli yake ni nzima, imechoka sehemu moja. Ukitaka kujua chasisi ya Land Rover imekufa au la gonga kwa nyundo ndogo kila shubiri, nzima inalia kama kengele, iliyooza inasema du, na anzia kwenye mhimili wa nyuma kabisa na yale mabawa yanayobeba bodi.

Mzee_wa_One_Ten

Marahaba kijana wangu. Hapo nimekuelewa, ya kwangu kweli ilikuwa imeoza mpaka bisibisi inazama.

Injinia_Kibaha

Kaka Mzigo_Natron, wote wameongelea ufa, mimi naomba niongelee kilichouleta maana usipokigusa utachomelea kila mwaka.

Hiyo keriya ya mkiani. Tuseme spea, madumu yakiwa yamejaa, vifaa na chuma chenyewe ni kilo 180, na iko mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Umbali kati ya ekseli mbili za HZJ79 ni mita 3.18. Zidisha 180 kwa 1.4 unapata 252, gawanya kwa 3.18, ni kama kilo 79. Maana yake hizo kilo 180 zinaipunguzia ekseli ya mbele kilo 79 na ekseli ya nyuma inabeba 259. Na hapo gari limesimama. Kwenye korongo mkia ukirushwa juu na kurudi, nguvu inaweza kuwa mara mbili au tatu ya hiyo, na kinachoizuia isivunjike ni ile reli mbele ya hanga, palepale ilipopasuka. Ni kama ubao uliolazwa kwenye ukingo wa mtaro, mtoto mmoja amekaa ncha ya nje.

Na yale majani mawili uliyoongeza kila upande. Springi kazi yake ni kula mshtuko. Ulipoifanya ngumu gari liliacha kukaa chini ukaona limepona, ila ule mshtuko uliokuwa unaliwa na springi sasa unapita moja kwa moja kwenye chasisi. Kwa maji lita 1000 ni tani moja kamili, bado tenki lenyewe, saruji, wewe na utingo. Soma kibati cha uzito wa gari ulinganishe kwa mizani ya kweli, nenda kapime likiwa limejaa.

Jambo jingine, tenki la nusu ni baya kuliko la kujaa kwa upande wa mshtuko, maji yanakimbia mbele na nyuma yanapiga kama nyundo. Kama unauza njiani na tenki linabaki nusu tafuta lenye vizuizi ndani au tumia matenki mawili ya 500, umalize moja kwanza, na la mwisho kubaki liwe lile la karibu na kebini.

Samburu_Overland

Dada hiyo ya keriya ni kweli tupu. Hata wale wanaoweka mifuko ya hewa kati ya ekseli na chasisi ili gari lisikae chini, chasisi zao zinakunjika hapohapo juu ya ekseli, maana mzigo uliokuwa unagawanywa hanga ya mbele na shekeli ya nyuma (kiungo kinachocheza kwenye ncha ya springi) sasa umekusanywa kwenye nukta moja.

Mzigo_Natron

Nimesoma yote mara mbili na kumsomea utingo wangu. Nimefanya ile ya mafuta ya taa na chaki na nimebaki mdomo wazi: ufa wa kulia sio sentimita 7 ni karibu 10, na kushoto nilikodhani ni kuzima kuna kingine cha sentimita 2, kimeanzia kwenye tundu la aina ileile. Bila chaki nisingekiona hata kwa tochi.

Dada Injinia, majani ya springi nimeshayatoa yale ya kuongeza. Keriya inauma maana huku ukipasua tairi mbili umekwisha, spea ya pili lazima niwe nayo, ila nimeona inaweza kulala bapa nyuma ya kebini ndani ya bodi, na madumu yakakaa pembeni yake.

Maswali: rodi gani? Mimi natumia 6013 kwa mageti. Na umeme wa nyumbani utatosha? Nikichomelea vyuma vinene breka inaruka. Kuna haja ya kutoa tanki la mafuta wakati ni dizeli?

Fundi_Ngarenaro

Rodi chukua 7018 ya milimita 2.5 au 3.2, weldi yake inavumilia kutikiswa kuliko 6013. Nunua paketi ambayo haijafunguliwa na uifungue siku ya kazi, hizo rodi zinanyonya unyevu na zikinyonya unyevu zinaleta ufa mdogo ndani usiouona. Kishikio cha rodi kwenye chanya. Ya 2.5 anza ampea 80 hivi, ya 3.2 kama 110, halafu rekebisha. Zinanata mwanzoni kwa mashine ndogo kwa hiyo fanya mazoezi kwanza. Na mtihani ni huu, unganisha vipande viwili vya pleti ileile, bana kwenye vaisi, kunja kwa nyundo kubwa mpaka vilale. Vikikunjika bila weldi kufunguka, mkono wako uko tayari. Weldi ikikatika rudia, na kama inakatika kila mara mwite mtu wa kukuchomea hiyo sehemu moja, kazi nyingine zote fanya mwenyewe. Geti likikatika linaanguka uani, hii ikikatika una tani moja ya maji nyuma ya kichwa.

Umeme usichukue kwenye soketi za kawaida. Toa laini moja kwa moja kwenye breka ya jiko, ampea 32, waya wa milimita 4 na usiwe mrefu. Ekstensheni nyembamba inakula nguvu, moto unapungua, weldi inakaa juujuu.

Tanki toa, na dizeli pia. Mimi nimeona gari likiwaka kwa kitu kidogo kuliko tanki, mwenyewe alikuwa amemwaga oili chafu ndani ya reli kuzuia kutu, tulipochoma ikashika moto ndani kwa ndani na waya zote zinazopita kwenye reli zikaungua kabla hatujajua moshi unatokea wapi. Kwa hiyo sogeza waya na paipu za breki zote, kagua ndani ya reli, weka ndoo ya mchanga na kizima moto cha unga karibu, na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia tu. Usisafishe kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki kisha ukachoma, nyingine zina klorini na moto wa kuchomelea unazigeuza gesi ya sumu. Toa waya za betri zote mbili na soketi ya alteneta. Klampu ya ethi ibane kwenye reli karibu na unapochoma, usibane kwenye ekseli umeme ukapitia kwenye beringi.

Kuhusu kusimamisha gari: bodi tupu, stendi chini ya ekseli pande zote, sakafu ngumu. Vuta uzi wa fundi mwashi kando ya reli toka mbele mpaka nyuma, pande zote mbili, uone kama reli imelala. Pima na mshazari, kona kwa kona, chini ya gari. Kama reli imeshuka inyanyue kwa jeki taratibu mpaka ufa ujifunge na uzi ukae sawa, ndo uchome. Na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye reli ya kulia mbele usiisage wala kuifunika, utapata shida ya kueleza siku ya ukaguzi.

Mzigo_Natron

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Pleti ya milimita 4, reli ilisoma 3.4 kwa venia baada ya kutoa rangi. Uzi ulionyesha kulia imeshuka milimita 6, nikainyanyua kwa jeki ya chupa na kipande cha gogo mpaka ikabaki 1. Weldi ya majaribio ilikatika mara mbili, ya tatu ikakunjika mpaka mwisho bila kufunguka, ndo nikaingia kwenye gari. Mshazari kabla na baada umetofautiana milimita 2. Nimepaka redi oksaidi mikono miwili na rangi nyeusi juu, ndani ya reli nitaweka nta ya kuzuia kutu sio oili chafu. Keriya nimeikata kabisa. Nimeenda nalo Engaresero na lita 700 na limerudi, nilikwenda taratibu.

Fundi_Ngarenaro

Kazi nzuri mkuu, nimefurahi kusoma. Usipake kitu kizito cheusi kama lami juu ya ncha za pleti, acha rangi nyembamba ili ufa ukianza uone ule unga wa kahawia. Baada ya safari tatu rudia chaki kwenye ncha zote nne na kwenye hanga, kaza upya bolti za bodi, na angalia bushi za shekeli. Na shokapu za nyuma umezicheki? Zikiwa zimekufa kwenye rasta zile, mkia unadunda bila breki.

Mzigo_Natron

Ya kushoto inavuja, sikuwa nimeitazama kabisa. Nazibadilisha zote mbili kabla ya safari ya Jumamosi.